Shambulio la Hofu: Namna ya Kulikabili Linapotokea

Shambulio la hofu ni woga mkali unaomvamia mtu ghafla, mara nyingi bila sababu inayoonekana, na kufika kilele ndani ya dakika zisizozidi kumi hivi. Moyo huenda mbio, kifua hubana, mwili hutetemeka na kutoka jasho, na mtu huamini kwamba anakufa au anarukwa na akili. Wengi hukimbizwa hospitali wakidhani presha imepanda. Vipimo vikitoka salama huambiwa hawaumwi kitu, kauli inayowaumiza bure, kwa maana mateso yao ni ya kweli na chanzo chake kinaeleweka.

Adrenalini humwagika kwenye damu kana kwamba kuna hatari. Mtu huanza kuhema harakaharaka, akatoa hewa ya ukaa kupita kiasi. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hujibana; ndipo kizunguzungu huja, ganzi ikashika midomo na vidole, na pengine vidole vikakakamaa. Mwenyewe huhisi amekosa hewa, akazidi kuivuta, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Kwa hiyo la kwanza ni kurefusha pumzi inayotoka. Vuta taratibu kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha toa kwa midomo iliyobanwa, kama apulizaye chai ya moto, ukihesabu hadi sita. Endelea hivyo dakika kadhaa. Ile desturi ya zamani ya kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi haishauriwi tena: ni hatari kwa mwenye pumu au ugonjwa wa moyo.

La pili ni gumu zaidi: kutoshindana na shambulio lenyewe. Claire Weekes, daktari wa Australia, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1962 kwamba mtu aikabili hofu, aikubali na kuacha muda upite. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza kuwa kinacholikuza shambulio ni tafsiri: moyo ukienda mbio, mtu husema “nakufa”, na woga wa kauli hiyo huuongezea moyo mbio. Kujiambia “hii ni hofu, itapita” hukata mzunguko huo.

Inafaa pia kubaki ulipo. Abiria anayeshuka daladala kituo kinachofuata hupata nafuu papo hapo, lakini kesho yake kupanda kunakuwa kugumu zaidi. Heri ashike chuma cha kiti, akanyage sakafu kwa nguvu na kutaja kimoyomoyo vitu anavyoviona. Aliye karibu naye asimwambie “acha woga”. Amwambie “nipo hapa”, na apumue taratibu pamoja naye.

Shambulio linapotokea kwa mara ya kwanza, au maumivu ya kifua yakisambaa mkononi au kwenye taya, hospitali ni lazima, kwani moyo nao huumwa kwa dalili kama hizi. Mashambulio yakijirudia, zipo dawa na tiba ya mazungumzo. Katika tiba hiyo mtaalamu anaweza kumtaka mgonjwa aheme haraka kwa makusudi, pale pale chumbani, ili apate kizunguzungu kile kile na kujionea kwamba hakimuui.