Mji wa Vienna na Nyumba za Kupanga

Wengi wetu tunajua uchungu wa kupanga: mwezi umekwisha, mshahara haujafika, na mwenye nyumba anabisha hodi. Je, baraza la mji laweza kufanya neno? Tutazame habari za Vienna, mji mkuu wa Austria.

Vita kubwa ilipokwisha mwaka 1918, watu wa kazi katika mji ule walikaa vibaya. Jamaa nzima ilibanana katika chumba kimoja na jiko. Maji waliyateka ujiani, na choo kilikuwa cha wote. Wengine hawakuwa na chumba, walipanga kitanda tu kwa saa chache za kulala. Kifua kikuu kiliua wengi, hata kikaitwa ugonjwa wa Vienna.

Mwaka 1922 Vienna ulifanywa jimbo, ukapata ruhusa ya kutoza kodi zake. Mwaka 1923 Hugo Breitner, mwangalizi wa fedha za mji, akaanzisha kodi ya kujengea. Makao madogo yalitozwa kidogo, majumba ya fahari yalitozwa sana. Fedha hiyo ilikuwa ya kujenga tu.

Tena sheria ilikuwa imezuia pango lisipande. Kwa hiyo matajiri hawakuona faida ya kujenga, bei ya viwanja ikashuka, na mji ukavinunua. Kwa kuwa nyumba zilijengwa kwa kodi, si kwa mkopo, hapakuwa na riba ya kulipa. Mpangaji alilipia matunzo tu: karibu sehemu 4 katika 100 za mshahara wake.

Hata mwaka 1934 zilikuwa zimejengwa nyumba zaidi ya 60,000. Zilikuwa ndogo, lakini kila moja ilikuwa na maji na choo ndani. Jengo la Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa mwaka 1930, lilijengwa na makao 1,300 na zaidi. Lilipewa mabafu, mahali pa kufulia nguo, shule za watoto wadogo na maktaba.

Mwezi wa Februari 1934 mapigano yalitokea, baraza lile likaondolewa kwa nguvu, na kazi ikakoma. Lakini nyumba zilibaki mali ya mji. Baadaye ujenzi ukaendelea, na leo mji una makao ya kupanga karibu 220,000.

Basi tujifunze nini? Baraza lisilo na kiwanja wala fedha yake litatoa maneno tu. Lakini kodi ya haki, ikitunzwa kwa kazi yake, hujenga. Haba na haba hujaza kibaba.