Yoga ya taratibu na mazoezi ya kupumua: mwongozo kwa wakazi wa Asembo Bay

Kwa wengi wetu kando ya ziwa, neno yoga huleta picha ya msichana mwembamba kwenye runinga aliyejikunja kama samaki wa kukaushwa kwa moshi. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya yoga, na wala si sehemu inayomhusu mama wa miaka 60 anayeanika omena au mvuvi ambaye mgongo umemchoka kwa kuvuta nyavu. Makala haya yanaeleza yoga ya taratibu ni nini, kupumua polepole kunafanya nini mwilini, nani anapaswa kujihadhari, na jinsi darasa linavyoweza kuendeshwa hapa Rarieda bila vifaa vya gharama.

Ilitoka wapi

Yoga ilianzia India. Neno lenyewe ni la Kisanskriti na lina maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Maandishi ya kale yanayohusishwa na Patanjali yanazungumzia zaidi kutuliza akili kuliko kunyoosha viungo. Mikao mingi inayofundishwa leo ilipangwa katika karne ya 20, hasa na mwalimu Krishnamacharya katika mji wa Mysore miaka ya 1930 na wanafunzi wake, akiwemo Iyengar ambaye alizoea kutumia viti, kamba na matofali ili hata mgonjwa aweze kushiriki. Yoga ya taratibu inayofaa wazee na watu wazima wenye maumivu inafuata njia hiyo: mikao michache, inayofanywa polepole, mwili ukiegemezwa pale unapohitaji.

Mwaka 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na siku hiyo ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka 2016 UNESCO iliiweka yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Hapa Kenya, jumuiya ya Wahindi imekuwa jirani yetu tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Lakini yoga iliyofika mitaani ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2007 shirika la Africa Yoga Project lilianzishwa Nairobi, likawafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu na kufundisha bila malipo katika jamii zao. Mfano huo una funzo kwetu: mwalimu si lazima atoke mbali, na mwanafunzi si lazima awe na pesa.

Kupumua kunafanya nini

Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kazi kubwa hufanywa na kiwambo, yaani msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, hewa huingia na tumbo hutoka nje kidogo. Kikipanda, hewa hutoka na tumbo hurudi. Mtu mwenye wasiwasi au maumivu hupumua kwa kifua cha juu, haraka haraka, mabega yakiwa yamepanda.

Mapigo ya moyo huongezeka kidogo unapovuta pumzi na hupungua unapoitoa. Ndiyo maana kutoa pumzi polepole hutuliza: kunaipa nafasi sehemu ya mfumo wa neva inayopunguza kasi ya moyo. Ukishuka hadi takriban pumzi 6 kwa dakika, wengi huhisi mabega yakilegea baada ya muda mfupi. Hakuna uchawi hapo, ni mwili wenyewe unavyofanya kazi.

Ushahidi unasema nini

Asembo si mahali pa kupewa maneno matupu. Ni hapa na Gem ambapo, katika miaka ya 1990, watafiti walipima kijiji kwa kijiji kama vyandarua vilivyotiwa dawa vinaokoa watoto, na matokeo yake yakasaidia kubadilisha sera ya malaria barani Afrika. Basi yoga nayo ipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Kuhusu maumivu ya muda mrefu ya sehemu ya chini ya mgongo, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2017 ulionyesha kuwa yoga inaleta nafuu ndogo hadi ya wastani katika uwezo wa kufanya shughuli, ikilinganishwa na kutofanya mazoezi kabisa. Haikuonekana wazi kuwa inashinda mazoezi mengine ya mgongo. Kwa maneno mengine, anayetembea na kunyoosha mwili kila siku kwa njia yake hajapungukiwa na kitu.

Kuhusu shinikizo la damu, tafiti zinaonyesha mazoezi ya kupumua polepole na yoga yanaweza kulishusha kidogo. Neno la kushikilia ni "kidogo". Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikadiria kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha iliyopanda, na wengi hawakuwa wanajua. Hatari kubwa katika madarasa ya aina hii ni pale mtu anapojisikia vizuri kwa wiki tatu, kisha anaacha vidonge. Presha haina kelele. Inaweza kuwa juu huku mwenyewe akicheka na jirani, na ikaja kujulikana siku ya kiharusi. Yoga huongezwa juu ya dawa. Anayeweza kupunguza dawa ni daktari pekee, baada ya kupima.

Kuhusu moshi wa kuni jikoni, hakuna pumzi itakayousafisha kifuani. Dirisha, jiko bora na kuni kavu vinasaidia zaidi kuliko darasa lolote.

Mazoezi matatu ya kupumua ya kuanzia

*Pumzi ya tumbo.* Lala chali magoti yakiwa yamekunjwa, au keti kwenye kiti. Weka mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, mkono wa tumboni uinuke. Toa ukihesabu hadi 6. Usilazimishe. Fanya kwa dakika 3 hadi 5.

*Pumzi ya midomo iliyobanwa.* Vuta kwa pua, kisha toa polepole kwa mdomo kana kwamba unapuliza makaa bila kuyarusha majivu. Mazoezi haya hufundishwa pia hospitalini kwa watu wenye magonjwa sugu ya mapafu. Yanasaidia anayepanda mlima na ndoo ya maji na kuishiwa pumzi.

*Pumzi ya nyuki.* Vuta kwa pua, kisha toa ukivuma "mmm" midomo ikiwa imefungwa. Kuvuma kwenyewe hurefusha pumzi inayotoka. Wazee wengi huipenda hii kwa sababu haihitaji kuhesabu.

Kuna mazoezi ya kupumua kwa nguvu na kasi, na mengine ya kuzuia pumzi kwa muda. Hayo si ya darasa la jamii. Hayamfai mjamzito, mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo wala mwenye kifafa.

Saa moja ya darasa

Darasa la kawaida la taratibu linaweza kugawanywa hivi: dakika 5 za kutulia, dakika 10 za kupumua, dakika 30 za mikao, dakika 10 za kupumzika, na dakika 5 za kunywa maji na kuulizana hali.

Mikao ya kutosha ni kusimama wima kama mlima, kuzungusha mabega, paka na ng'ombe (kwa mikono na magoti, mgongo ukipanda na kushuka), kukalia visigino kama mtoto, kulala chali na kuleta goti moja kifuani, na mkao wa mti ukiwa umeshika ukuta. Mkao wa mti una thamani ya pekee kwa wazee. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa wa mwili siku 3 au zaidi kwa wiki ili kuzuia kuanguka. Asiyeweza kuketi chini afanye yote kwenye kiti kisicho na magurudumu, mgongo wa kiti ukiwa umeegemea ukuta.

Mkao wa mwisho wa kulala chali huitwa kwa Kisanskriti mkao wa maiti. Si lazima kuliita hivyo mbele ya watu waliotoka matangani juzi. "Mkao wa kupumzika" unatosha.

Vifaa ni mkeka, leso mbili za kukunja kuwa mto, na maji. Kivuli cha mti ni bora kuliko chumba kilichofungwa, hasa kwa sababu ya kifua kikuu. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi aende kupimwa kwanza.

Saa ipi, na kwa nani

Saa ya darasa ndiyo huamua nani atakuja. Wavuvi wa omena hutoka usiku na taa zao na kurudi alfajiri, na ni wakati huo huo ambapo akina mama wanapokea mzigo na kuanika. Darasa la saa kumi na mbili asubuhi litawapata walimu na watumishi wa ofisi tu. Saa kumi jioni huwafaa akina mama waliokwisha anua omena. Wavuvi hupatikana zaidi siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti samaki, na wakati uvuvi wa omena unapofungwa kati ya Aprili na Julai. Kamati ya BMU ya ufuo na vikundi vya akina mama ndio wenye kujua ratiba hiyo kuliko mwalimu yeyote.

Swali la dini

Swali hili haliepukiki, na si vizuri kulifunika. Yoga ina mizizi katika dini za India, na baadhi ya walimu huimba "Om" au kufundisha falsafa pamoja na mikao. Viongozi wa dini wametofautiana. Nchini Malaysia, baraza la kitaifa la fatwa mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga yenye ibada ndani yake. Kule California, mahakama ya rufaa mwaka 2015 iliamua kuwa yoga iliyofundishwa katika shule za Encinitas, baada ya kuondolewa mambo ya dini, haikuwa ibada.

Kwa mji wenye makanisa mengi kama wetu, njia ya heshima ni mwalimu kusema mapema atafundisha nini: kunyoosha viungo, kupumua na kupumzika, bila nyimbo wala sanamu. Mchungaji, padre au imamu aalikwe aje aketi na kutazama. Na anayeona dhamiri yake haimruhusu asidharauliwe. Kutembea kwa dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunatimiza dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima.

Nani ajihadhari

Mwenye presha asiinamishe kichwa chini ya moyo kwa muda mrefu wala kuzuia pumzi. Mwenye presha ya macho pia asiinamishe kichwa.

Mjamzito asilale kifudifudi, na mimba ikikua asilale chali kwa muda mrefu. Alale kwa ubavu wa kushoto.

Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, na aitumie anapoihitaji bila aibu.

Mwenye selimundu, ugonjwa unaojulikana sana katika familia za kanda hii ya ziwa, anywe maji mengi, asijichoshe na asikae kwenye baridi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asije na tumbo tupu.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoisha, mguu kufa ganzi ghafla, au upande mmoja wa uso au mwili kulegea si mambo ya kupumulia. Mtu apelekwe mara moja hospitalini, Madiany au Lwak, yoyote iliyo karibu.

Kabla ya kujiunga au kulipa

Muulize mwalimu mambo manne. Alifunzwa wapi na kwa muda gani? Amewahi kufundisha wazee au wagonjwa? Atafanya nini mtu akizirai? Na je, anaahidi kuponya ugonjwa wowote? Akijibu ndiyo kwa swali la mwisho, chukua leso yako uende nyumbani.

Kisha pima presha kabla ya darasa la kwanza na uandike namba hizo kwenye daftari. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupimia presha na sukari, kwa hiyo huduma hiyo inaweza kukufikia hata mlangoni. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinachojirudia ni cha kupelekwa kliniki. Pima tena baada ya wiki 4 na tena baada ya wiki 12, saa ile ile ya siku, ukiwa umeketi kwa dakika 5 kwanza. Peleka daftari hilo kwa daktari. Kwa njia hiyo wewe mwenyewe utajua kama darasa linakusaidia, na hakuna atakayekuuzia matumaini.