Nyota Isiyochomoza Ilemba

Nilipokuwa darasa la tano nilitoka nje usiku kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mtu akipotea huitazama, akajua pa kuelekea. Basi nikasimama uani kwa bibi, Ilemba, mgongo nimeupa Lyamba lya Mfipa, uso nimeuelekeza ziwani. Nyota zilikuwa tele, maana umeme ulikuwa bado. Hiyo moja sikuiona.

"Unatafuta nini, mjukuu wangu?"

Nikamwambia. Bibi hakuwahi kuisikia. Akanionyesha Kilimia, kile kikundi cha nyota kinachochomoza mashariki jioni za Novemba, mvua za kwanza zinapokaribia.

Nilikuja kujua chuo kikuu kwamba macho yangu hayakuwa na kasoro. Ilemba iko takribani digrii nane kusini mwa ikweta, na nyota ile imekaa karibu kabisa juu ya ncha ya kaskazini ya dunia. Kwetu haichomozi. Usiku wowote, mwezi wowote, iko chini ya upeo.

Nikaanza kusoma historia ya planetariamu, yaani kuba ambamo nyota humulikwa darini kwa mashine. Ile ya kwanza ya kisasa ilitengenezwa na kiwanda cha Carl Zeiss cha Jena, Ujerumani, chini ya mhandisi Walther Bauersfeld, ikaonyeshwa mjini Munich Oktoba 1923. Ilimulika nyota 4,500 hivi. Lakini mashine ile ilijua anga la Munich tu. Msalaba wa Kusini, ambao mtoto wa Ilemba huuona akienda kujisaidia, haukuwamo. Ilibidi watengeneze mashine ya pili, yenye vichwa viwili kama kengele za mazoezi, ndipo nusu yetu ya anga ikaingia.

Makuba hayo yalikuwa majengo, na majengo hayatembei. Mwaka 1977 Mmarekani Philip Sadler alibuni Starlab: turubai linalojazwa upepo kwa feni, watoto wanaingia wakitambaa, katikati kuna taa ndani ya silinda yenye matundu. Likikunjwa, linaingia kwenye gari. Huku kwetu, katika miaka ya 2010, Susan Murabana wa Kenya na Chu Owen walianza kuzunguka shuleni na darubini pamoja na kuba la upepo, chini ya jina The Travelling Telescope.

Nilipomsimulia bibi kwa simu, alicheka. "Sasa kwa nini wasisubiri usiku?"

Swali hilo lilinikaa kichwani muda mrefu. Ilemba ina anga ambalo mji mkubwa hauwezi kulinunua. Kulipelekea anga la turubai ni kama kupeleka mpunga bonde la Rukwa. Ila shule hufungwa jua likiwa juu. Mtoto anayetembea mbali, hasa wa kike, hawezi kuambiwa arudi saa mbili usiku kusoma sayansi. Kwa hiyo nyota hufundishwa ubaoni, kwa chaki, mchana, kwa mchoro ulionakiliwa kutoka vitabu vya watu wa kaskazini.

Mara moja anga lenyewe lilikuja mchana. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, watu wakamiminika Rujewa, wilaya ya Mbarali, kushuhudia. Hata Rukwa lilimegwa pakubwa. Lakini kupatwa hakuna ratiba ya muhula.

Mimi nimeingia kuba la kutembea mara moja, mjini, nikiwa mtu mzima kati ya wanafunzi wa msingi waliokuwa wakisukumana gizani. Siku hizi ni projekta ya kidijitali, na anayeiendesha anaweza kuchagua mahali popote duniani. Alikuwa ameanza na anga la Ulaya; nadhani ndivyo programu ilivyofunguka. Nyota ya Kaskazini ilikuwa juu pale, imetulia, nyingine zote zikiizunguka. Nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza.

Nikanyoosha mkono, nikamwomba atupeleke digrii nane kusini. Anga likaanza kuinama taratibu. Nyota ile ikashuka, ikashuka, ikagusa ukingo wa turubai karibu na mlango tulioingilia, ikatoweka. Mtoto aliyekaa kando yangu akauliza, "Imeenda wapi?"

Kilimia kilikuwa bado juu.