Ngoma, gitaa na kwaya: msikilizaji ndiye anaamua



Katika namba hii tunaacha kidogo habari za mbegu, za likelemba na za makaratasi ya mashamba. Tunataka kuongea juu ya muziki, na haiko juu ya kujifurahisha tu. Tangu tumeanza kurudi vijijini, kila mara watu wanapojikusanya neno moja linarudia: nani aimbe na nani? Wako wanaotaka ngoma ya Bahunde ibaki peke yake. Wako wanaoona kwamba wachezaji wa intore hawawezi kusimama uwanja mmoja na kwaya ya kanisa. Na wazee wengi wanalalamika juu ya vijana wanaotia rap ndani ya nyimbo za mababu. Vijana nao wanajibu: sisi tulikomalia kambini, kule Bulengo na Kanyaruchinya, nyimbo za kila kabila tulizisikia kwenye foleni ya maji, huo mpaka munaousema uko wapi?

Sisi tunaotembea kila juma kati ya Masisi na Walikale kwa kazi ya misaada hatuna haki ya kukata neno hilo. Ni lenu. Lakini tulisoma historia kidogo, na tumeona kwamba swali haliko jipya hata kidogo. Wapigaji wa muziki wa aina mbalimbali wamekutana mara mingi, kwa mapenzi ao kwa nguvu, na kila mara wasikilizaji ndio walisema neno la mwisho.

Tuanze Walikale, juu kule kuna mfano ambao hata vitabu vya Ulaya vinaujua kuliko sisi wenyewe. Mwaka wa 1956, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimkuta katika kijiji cha Bese, kwa Banyanga, bwana mmoja aliyeitwa She-Karisi Candi Rureke. Kwa siku 12 Rureke aliimba, akasimulia na kucheza habari za Mwindo, yule mtoto ambaye baba yake, mwami Shemwindo, hakutaka azaliwe mwanaume. Kitabu kilitoka Marekani mwaka wa 1969, na aliyefanya kazi hiyo pamoja na Biebuyck ni Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga mwenyewe, mtu wa elimu ya lugha. Wengi kwetu wanalijua jina la Mwindo. Wachache wanajua namna kazi ile ilivyofanyika.

Rureke hakuwa peke yake. Alishika kibuyu cha kutikisa, na vijana kando yake walipiga kwa vijiti juu ya mti mukavu. Ndani ya habari moja mulikuwa wimbo, methali, maombi, sifa na mchezo wa mwili, yaani vitu ambavyo leo tungevigawa katika vikundi vitano na kila kikundi na rais wake. Na watu waliokaa pale hawakukuja kutazama tu. Walipiga makofi, waliitikia kiitikio, walimpigia kelele za kumtia nguvu, walimpa zawadi ndogondogo, chakula na pombe. Kama watu wananyamaza, mwimbaji anakufa njaa, na habari inakufa naye. Kwa hiyo mzee wa Walikale anayesema kwamba kuchanganya aina za kuimba ni tabia ya vijana wa mjini, tunamuomba kwa heshima awaulize wakubwa zake.

Masisi iko na historia nyingine, yenye uzito zaidi. Mwaka wa 1937 serkali ya Wabelgiji ilianza kuleta familia kutoka Rwanda kwa kazi ya mashamba makubwa na kwa kukaa katika inchi ya Bahunde, na kazi hiyo iliendelea mpaka 1955. Mambo ya udongo yaliyotoka pale munayajua, hatuna haja ya kuyarudilia. Tunachotaka kusema ni hiki: waliokuja hawakuja na majembe tu. Walikuja na inanga, na intore, na namna yao ya kupiga ngoma. Mlima mmoja ukawa na ngoma mbili.

Sasa, ngoma haiko sawa gitaa. Kule Rwanda ya zamani ngoma Kalinga ilikuwa alama ya ufalme wenyewe; kuipoteza ilikuwa kupoteza inchi. Ndiyo maana tunafikiri kwamba anayekataa ngoma ya jirani hapa Masisi, mara mingi hakatai mlio. Anaogopa kwamba anayepiga anasema: hapa ni kwangu. Tangu yale mauaji yaliyoanza kwenye soko la Ntoto mwezi wa tatu 1993, woga ule haukulala vizuri hata siku moja. Ukiwaambia watu wenye woga huo "tucheze pamoja, ni amani", umewaambia kitu kidogo sana.

Hata makanisa yalikuwa na woga wao. Wamisionari wengi waliona ngoma ni kitu cha wapagani na wakaiacha inje ya mlango. Mwaka wa 1958, kule Kamina katika Katanga, padri Guido Haazen aliimbisha misa ya Kilatini kwa sauti na mapigo ya Kiluba, ile inayoitwa Missa Luba. Ulaya waliishangilia sana. Lakini misa ya waamini wa kawaida ilingojea: Roma ilikubali kitabu cha misa cha maaskofu wa Zaire mwaka wa 1988. Toka Kamina mpaka pale ni miaka 30! Leo mama anacheza siku ya yenga akipeleka kikapu cha maharagi altareni, na hakuna anayeuliza kama ngoma ile ni ya shetani.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao wenye miaka zaidi ya 50 hawatausahau: animasyo politike ya wakati wa Mobutu. Kila masomo, kila kampuni, kila teritwari ilipaswa kuwa na kikundi cha wachezaji. Walichukua wimbo wa mavuno wa hawa, mchezo wa ndoa wa wale, hata sauti za nyimbo za kanisa, wakaondoa maneno na kutia sifa za Kiongozi na za MPR. Ukiangalia kwa macho tu, ulikuwa umoja mzuri: makabila yote, nguo moja, hatua moja. Na watu walipiga makofi, juu asiyepiga alionekana. Kisha Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, tarehe 24 mwezi wa ine 1990, na mambo yale yakaanguka sawa nyumba ya manyasi. Hakuna kijiji kilicholia. Nyimbo za mavuno zilizokopwa zilirudi kwa wenyewe, zingine zikiwa zimeharibika kabisa, watu wakiona haya kuziimba.

Tunasimama hapa kidogo, juu sisi watu wa mashirika tunapaswa kujiangalia. Tunapenda sana kikundi chenye makabila yote, tisheti moja na picha moja ya ripoti. Msikilizaji wa Masisi anaujua mtindo huo kutoka zamani, na makofi yake ya heshima yasitudanganye.

Zaidi ya hapo, kuchanganya vizuri hakuzuii ubaya. Simon Bikindi wa Rwanda alikuwa fundi wa kuunganisha muziki wa kienyeji na wa kisasa, na balé yake Irindiro ilipendwa. Mwaka wa 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, radio RTLM ilipiga nyimbo zake. Mwaka wa 2008 mahakama ya kimataifa kule Arusha ilimkatia miaka 15, juu ya maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani katika prefektura ya Gisenyi, ile inayopakana na Goma yetu. Hukumu haikuwa juu ya nyimbo zenyewe, lakini wengi wetu tunajua namna nyimbo zile zilivyosikika masikioni mwa waliowindwa. Kwa hiyo wamama wanaouliza "maneno ya wimbo yanasema nini?" kabla ya kuuliza kama wimbo ni mtamu, wako na haki.

Turudi kwenye mambo ya furaha. Mwezi wa kwanza 1960, wanasiasa wa Kongo walikuwa Bruseli kwenye Meza ya Duara, kila chama na neno lake. Joseph Kabasele, Grand Kallé, alikwenda kule na watu wa African Jazz, kati yao Docteur Nico, lakini akachukua pia wawili kutoka OK Jazz, orkestra ya upinzani: Vicky Longomba na Brazzos. Pamoja wakatoa "Indépendance Cha Cha". Mapigo ni ya Kuba, gitaa ni ya Leopoldville, na ndani wanatajwa viongozi na vyama ambavyo havikupatana. Huenda ndiyo sababu moja wimbo ulipokelewa kila fasi: mtu wa chama hiki na wa chama kile, kila mmoja alisikia jina lake likiitwa. Ukavuka mipaka, ukachezwa katika inchi zingine za Afrika zilizokuwa zinangojea uhuru wao.

Kisha ile ya 1983. Vijana wa leo hawawezi kufahamu ilikuwa ni kitu gani. Kwa zaidi ya miaka 20 Zaire iligawanyika kati ya shule mbili za rumba. Upande mmoja Franco na OK Jazz, gitaa nzito inayorudiarudia mpaka mwili unakubali wenyewe. Upande mwingine Tabu Ley, Rochereau, mtoto wa shule ya Kabasele, sauti laini na mapambo. Katika nyumba moja kaka alikuwa wa Franco, mdogo wake wa Rochereau, na sahani ya bugali iliweza kupinduka. Mwezi wa pili 1983 Kabasele akafa. Mwaka uleule wale wawili waliingia studio pamoja, wakatoa sahani "Lisanga ya Banganga", yaani mkutano wa waganga, na wakamkumbuka marehemu kwa wimbo.

Ukisikiliza leo, utasikia kwamba hakuna aliyejificha. Franco amebaki Franco, Rochereau amebaki Rochereau, wanapokezana. Wapenzi wa pande zote walinunua, na ugomvi haukuisha: ukikaa na wazee kwenye kasiksi huko Masisi-centre, watakuambia bado nani alimshinda mwenzake katika "Omona wapi". Lakini sasa wanagombana juu ya sahani moja. Sisi tunaona kwamba huo ni ushindi mkubwa kuliko kupatana.

Wengine walivuka mpaka na kulazimishwa na masikio ya wageni. Samba Mapangala alitoka Kongo, akapita Kampala, akafika Nairobi mwaka wa 1977, na orkestra yake akaiita Virunga, jina la milima hii tunayoiona kila asubuhi kutoka Mushaki. Rumba yake ilikutana na masikio ya Kenya yaliyozoea benga, na Lingala ikapisha nafasi kwa Kiswahili ili watu waimbe naye. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, jirani yetu wa Maniema, alifika Dar es Salaam mwaka wa 1978 na akawa mwimbaji wa watu wadogo wa Tanzania, kwa Kiswahili. Lugha hii ambayo Kinshasa wanaicheka ndiyo iliwafungulia mlango.

Na hivi karibuni Innoss'B, mtoto wa Goma aliyezaliwa 1997, alirudia wimbo wake "Yo Pé" mwaka wa 2019 pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Umeangaliwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye YouTube. Wazee walisema ni kelele. Watoto waliucheza ndani ya mahema bila kungoja ruhusa. Kule Goma kulikuwa pia Amani Festival: ilipaswa kuanza 2013, vita ikaizuia, ikafanyika mwezi wa pili 2014, na wapigaji wa Kongo, Rwanda na Burundi wakapanda jukwaa moja, wa rumba, wa rap na wa ngoma za kienyeji. Tiketi ilikuwa ya Goma, lakini. Mtu wa Pinga ao wa Nyabiondo aliisikia kwa radio.

Basi kwa mkutano wetu wa mavuno, tunaleta mawazo haya mbele ya komite, na komite itayakata inavyotaka. Kila kikundi kianze na wimbo wake mzima, bila kuguswa, mbele ya wote, kabla ya kujaribu kitu cha pamoja. Anayetaka kutia rap ndani ya wimbo wa mababu amuombe kwanza mzee anayeushika, na maneno yasomwe kwa sauti mbele ya wamama. Nyimbo za matanga ziachwe. Ngoma zote zipangwe mstari mmoja, na ya kufungua ipigiwe kura kwa kokoto, sawa tunavyofanya kwa likelemba. Na nafasi za kukaa zisigawanywe kwa kijiji.

Kumebaki swali la mafuta ya jenereta kwa vipaza sauti vya vijana. Kikundi cha wapiga ngoma kimesema hakitachanga, juu ngoma haikunywa mafuta hata siku moja. Mweka hazina anangojea majibu ya vijana mpaka siku ya posho.