Kamera Mubashara, Wala Si "Kamera Isiyo na Kioo"

Orodha mpya ya istilahi za upigaji picha imenifikia hapa Kaliua kwa simu, ikiwa imepita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja kaongeza kicheko chake. Imetayarishwa na kamati ambayo sitaitaja. Wanakamati wenyewe hawakuweka majina yao chini ya kazi yao, na hiyo naihesabu kuwa ndiyo hekima pekee iliyomo humo. Kamera ambayo vijana wa studio huiita miralesi imebatizwa "kamera isiyo na kioo". Kile kikamera chembamba cha kutia mfukoni kimepewa jina la "kamera songamani kupindukia".

Nianze na hili la pili, maana linajiua lenyewe. Kusongamana ni kazi ya wengi. Abiria husongamana kwenye mlango wa behewa treni ya Mpanda inapotaka kuondoka. Marobota ya tumbaku husongamana ghalani kipindi cha masoko. Kitu kimoja peke yake hakiwezi kusongamana hata kikijitahidi. Na "kupindukia" ni neno la lawama: tunalo la mlevi na la mlafi. Kikamera cha watu, ambacho kosa lake ni wembamba tu, kimeandikiwa hati ya mashtaka.

Sasa kioo. Mtu yeyote aliyekaa Tanzania walau msimu mmoja wa mvua anajua kioo ni nini, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu anajua vioo vingi. Kuna kioo cha dirisha. Kuna kioo cha kujitazamia. Kuna kioo cha gari, cha mbele na cha pembeni. Wanafunzi wa kidato cha nne wameandikishwa kwamba fasihi ni kioo cha jamii, nao wameandika hivyo hadi kalamu zikachoka. Na tangu simu za kugusa zilipoingia, kioo kikisemwa bila maelezo, sokoni na stendi, ni uso wa simu. Kikipasuka, mwezi umeharibika.

Niliona niipime istilahi hii mahali inapotakiwa kufanya kazi. Nikaenda kwenye kibanda kimoja karibu na stesheni, kijana anatengeneza simu na kupiga picha za pasipoti na za harusi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unaijua kamera isiyo na kioo?"

"Unayo hapo nione? Kioo kimepasuka au hakiwaki kabisa?"

"Haina kabisa, tangu kiwandani."

"Basi hiyo wamekuuzia mbovu, mwalimu."

Nyuma yake, kwenye msumari, ilikuwa inaning'inia kamera yenyewe ninayoisema, ile anayoendea harusini wakulima wakishalipwa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akacheka, akaishusha. "Hii si mbovu, hii ni miralesi! Kioo chake hiki hapa." Akakivuta kioo cha nyuma kwa ukucha, kikatoka ubavuni, akakizungusha kikanitazama mimi mwenyewe, nikajiona na kofia yangu humo ndani. Kisha akaivua lenzi aoneshe tumbo la kamera, kitendo ambacho hakudumu nacho. Vumbi la kiangazi la huku halisubiri kukaribishwa. Akapuliza kwa kipira, akarudisha lenzi. Kwa hiyo kamera isiyo na kioo ilikuwa na kioo mbele, kioo nyuma, na kioo cha kuchungulia juu. Wanakamati wangekuwapo wangeandika kumbukumbu za kikao.

Kilichoondolewa ni kioo kimoja tu, na msomaji wangu anakijua. Ndani ya kamera ya zamani ya kubadili lenzi kilikaa kioo cha kuakisi, kimeinama nyuzi 45, kikipokea mwanga kutoka kwenye lenzi na kuupeleka juu kwenye jicho la mpiga picha. Ukibonyeza, kinaruka juu kwa kishindo, mwanga unaufikia ukanda wa filamu au kihisi, kisha kinashuka. Kilikuwa mshenga: anazungumza na pande zote mbili, na siku ya ndoa sharti apishe. Mwaka 2008 Panasonic wakatoa Lumix G1, mshenga hayumo. Kufikia mwaka 2018 hata wazee wawili wa ukoo, Nikon na Canon, walikuwa wameingia njia hiyo kwa nguvu zote. Nafasi aliyokuwa akiishi mshenga ikafungwa. Katika kamera za Nikon, kutoka ukingo wa kushikia lenzi hadi kwenye filamu au kihisi palikuwa na milimita 46.5, katika zile mpya ni milimita 16.

Ukitaka kuliendea neno "kioo" kihistoria, kamati inazidi kupotea. James Grant, aliyesafiri na mpelelezi Speke, alipiga picha chache Unguja mwaka 1860, kisha akaachana na kamera akashika penseli na rangi. Walipofika Kaze, yaani Tabora, mwaka 1861, mchoraji ndiye aliyekuwa na kazi. Simlaumu. Kamera za wakati ule zilitaka mabamba ya vioo, chupa za dawa na hema la giza, na kila kitu kilipanda juu ya bega la mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa tayari na mzigo wa kiasi cha kilo 30. Mabamba ya vioo yalianza kutoka mikononi mwa watu wa kawaida mwaka 1888, George Eastman alipouza Kodak yake yenye ukanda wa kuzungushwa. Kwa Kiswahili cha kamati, basi, "kamera isiyo na kioo" imeshatimiza zaidi ya karne, na babu zetu ndio waliotuachia.

Mtetezi mmoja wa orodha ile ameniandikia, kwa lugha ambayo kwake ni ya upole, kwamba Kiingereza chenyewe kimeita kitu kwa kile kisichokuwa nacho, nasi tufuate. Tufuate kwa nini? Kiswahili kinapotaja upungufu hutafuta neno zima, lenye mwili wake. Hatusemi "mtoto asiye na baba", tunasema yatima. Hatusemi "asiyeona" mpaka tuwe tunaandika ripoti. Mjane, tasa, bubu, kiguru: kila pengo limepewa jina lililosimama. Tena angalia ni mapengo ya namna gani hayo. Kukosa ni msiba, ndiyo maana lugha ikajisumbua. Kamera hii haijafiwa na kioo. Imeachana nacho kwa hiari na ikanenepa.

Wazee wetu wa njia ya misafara walilijua hili bila kamati. Kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani, biashara iliyopata nguvu baada ya mkataba wa Seyyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833, kilipanda kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, na kuendelea Ujiji kupitia nchi hii ninayoandikia, nacho kiliitwa merikani. Hakuna aliyekiita "kitambaa kisicho kaniki". Enzi za mtemi Mirambo, msafara uliopita huku ulilipa hongo, ambayo wakati huo maana yake ilikuwa ushuru wa njia. Natamani istilahi nazo zingetozwa kabla ya kuruhusiwa kupita.

Pendekezo langu, ambalo niliwapelekea wahusika na likajibiwa kwa neno moja, "limepokelewa", ni hili: kamera mubashara.

Neno ni letu tayari. Watangazaji wamelizoesha masikio ya nchi nzima: mechi mubashara, hotuba mubashara. Wamelichukua kwenye Kiarabu, ambako mubāsharatan ni "moja kwa moja, bila wa kati". Shina lake ni b-sh-r, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, maana shina hili lina utajiri. Bashara ni ngozi ya nje ya mwili. Bashar ni binadamu, kiumbe ambaye ngozi yake iko wazi. Bishara ni habari njema, na wanaisimu wa kale wa Kiarabu walieleza kwamba imeitwa hivyo kwa sababu huibadilisha ngozi ya uso wa anayeisikia. Kwetu ndugu yake ni bashiri, ingawa siku hizi amehamia kwenye mikeka ya kamari za mpira. Na kitenzi bāshara ni kugusa ngozi kwa ngozi, kushika jambo kwa mkono wako mwenyewe. Waliosoma fiqhi wanajua kinatumika wapi tena, nami nitaliacha hapo.

Tazama basi jinsi neno linavyokaa. Mwanga unatoka kwenye lenzi na kukigusa kihisi, ngozi kwa ngozi, bila mshenga. Picha unayoiona kwenye tundu la kuchungulia ni ile ile itakayohifadhiwa, na wekundu wake na giza lake, wakati ule ule. Ni moja kwa moja kwa njia, na ni papo kwa papo kwa wakati. Istilahi ngapi mnazijua zinazobeba maana mbili za fundi kwa neno moja ambalo mama muuza mihogo ameshalisikia redioni?

Wapinzani wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba watu watadhani ni kamera ya kurushia matangazo. Watadhani, kwa wiki moja. "Simu" ilikuwa waya wa habari kabla ya kuwa kifaa cha mfukoni, na hakuna aliyepotea njia.

Hoja ya pili imeletwa na mtu wa Uzaramoni, ambaye kwa jadi ya misafara ni mtani wangu, kwa hiyo nitamjibu bila kunawa mikono. Anasema: kikamera kile chembamba nacho hakina kioo cha kuakisi, mwanga wake nao unakwenda moja kwa moja, kwa hiyo nacho ni mubashara, umejinasa. Mtani, umesoma nusu ya shina. Kikamera kile unakishika kwa mikono iliyonyooshwa mbele ya tumbo, unakitazama kwa mbali kama mtu anayesoma barua ya deni, kwa kuwa vingi vyake havina tundu la kuchungulia. Kamera mubashara unaileta usoni, inagusa paji na shavu. Bashara, ngozi! Kiarabu kimeamua kesi. (Zipo zisizo na tundu hilo, kama Olympus E-P1 ya mwaka 2009. Sheria yoyote ina watoto watukutu.) Na hata bila hilo, jina hutolewa kwa kile kilichopinduliwa. Kamera ile ilimpindua mshenga. Kikamera kile kilipindua begi tu.

Ndiyo maana nakiita kamera ya kibindo. Kibindo ni ule mkunjo wa nguo kiunoni ambamo mzee alificha fedha, na waandishi wa michezo wamelifanyia neno hili hisani kubwa kwa kila timu inayotia pointi tatu kibindoni. Casio walipotoa Exilim EX-S1 mwaka 2002, unene wake ulikuwa milimita 11.3, mpagazi angeifunga kwenye pembe ya shuka ya merikani na kufika nayo Ujiji bila kiongozi wa msafara kujua. "Kamera ya mfukoni" si baya, nakiri, lakini ni bapa. Kila kitu siku hizi ni cha mfukoni.

Wanaotaka tubaki na "miralesi" sina ugomvi nao mkubwa. Vijana wameongeza irabu mwishoni kama inavyopasa, kazi ambayo kamati haikuifanya. Kasoro yake ni kwamba halifunguki: ukimwuliza msemaji lina nini ndani, anakuonyesha bei.

Kwa matumizi, kwa ufupi, maana naambiwa wapo wasomaji wanaotaka kununua: mubashara yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 ina eneo la karibu mara 30 ya kihisi cha kibindo cha kawaida, chenye milimita 6.17 kwa 4.55, kwa hiyo ukumbini usiku haina mpinzani. Inabadili lenzi, inakula betri kwa kuwa kihisi na kioo cha nyuma viko kazini muda wote, na kila ukivua lenzi unalikaribisha vumbi. Kibindo lenzi yake haitoki, vumbi likiingia kwenye mirija yake inakwama ikiwa imetoa ulimi, na simu imeshachukua sehemu kubwa ya kazi yake.

Nimeambiwa pia kwamba maneno ya kuundwa hayashiki. Kishikwambi kilichekwa. Kisha ikaja sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vikagawiwa kwa makarani, baadaye kwa walimu, na leo mwalimu analalamika kuwa kishikwambi chake hakichaji bila hata kutabasamu. Neno lilikosa kifaa mkononi tu.

Imebaki sarufi, ambayo kamati haikuigusa. Mubashara haichukui kiambishi: kamera mubashara moja, kamera mubashara nyingi, lenzi ya kamera mubashara. Usiandike "zamubashara", kama nilivyoona juzi kwenye bango la studio moja, ingawa mwenye bango nilimpa mkono kwa kulitumia neno. Upatanisho kwa umoja ni wa i-: kamera mubashara imeharibika. Kwa wingi ni zi-. Atakayeandika "wameharibika" kwa kudhani ni kiumbe hai, kwa sababu nimetaja ngozi, huyo ataiweza kazi ya kamati.