Safu ya Lugha: Pambizo

Pambizo ni ile nafasi tupu pembeni mwa ukurasa. Wengi huiacha ilivyo, na huo ni ubadhirifu. Yapata mwaka 1637, Mfaransa Pierre de Fermat aliandika kwenye pambizo la nakala yake ya Arithmetica ya Diophantus kwamba ana uthibitisho wa ajabu wa dai moja la hisabati, ila nafasi haitoshi. Mwanawe alichapisha dokezo hilo mwaka 1670. Uthibitisho ulikuja kukamilishwa na Andrew Wiles mwaka 1994. Pambizo finyu, kazi ya karne tatu na ushei!

Msomaji naye alitumie pambizo, ila kupiga mistari chini ya maneno pekee hakutoshi: mkono unatembea, akili imelala. Afadhali swali, pingamizi, au muhtasari wa aya kwa maneno ya msomaji mwenyewe, ambao kesho huwa mbegu ya insha.

Kitabu cha maktaba? Andika daftarini.