Kobalti ya Katanga na sumaku zinazofundishwa kwa mwanga

Ukiingia Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hakuna haja ya kuuliza kiwanda cha zamani cha shaba kiko wapi. Dohani yake ndefu inaonekana toka mbali, na kando yake kimeinuka kilima cheusi ambacho hakuna mvua wala upepo uliokiumba. Wenyeji hukiita terili. Ni taka za tanuru, zilizomwagwa moto juu ya moto mwaka baada ya mwaka, tangu shaba ya kwanza ilipomiminwa hapo tarehe 30 Juni 1911, wakati mji huo ukiitwa bado Élisabethville.

Mawe ya kwanza yaliyolishwa tanuru hizo yalitoka mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliujua kwa jina la Kalukuluku. Ndani yake mlikuwa na shaba na mlikuwa na kobalti. Shaba ilichukuliwa, kobalti nyingi ikaenda na taka. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, haikuwa na soko la maana la madini hayo, ambayo kwa karne nyingi dunia iliyatumia zaidi kutia rangi ya buluu kwenye vioo na vyombo vya kauri.

Soko hilo lilifunguliwa mbali sana na Katanga. Mwaka 1917, huko Sendai nchini Japani, Kotaro Honda alitengeneza chuma cha pua kiitwacho KS, chenye kobalti kiasi cha theluthi moja, na kikawa sumaku yenye nguvu kuliko zote za wakati huo. Siri moja ya kobalti ni ustahimilivu wake kwenye joto. Chuma hupoteza usumaku kikifika nyuzijoto 770 za Selsiasi. Kobalti huushikilia hadi zaidi ya 1,100, na hakuna elementi nyingine inayoifikia.

Union Minière ilianza kuzalisha kobalti mwaka 1924, na haikupita miaka mingi Kongo ya Wabelgiji ikashika nafasi ya kwanza duniani. Katika miaka ya 1930 zikaja sumaku za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, zilizoingia kwenye spika za redio na mota ndogo. Katika miaka ya 1960, Karl Strnat na wenzake huko Ohio, Marekani, waliunganisha kobalti na samariamu wakapata sumaku kali zaidi. Kila hatua ya elimu ya sumaku ilikuwa inaongeza thamani ya mawe ya Katanga.

Kisha ikaja Kolwezi.

Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliuvamia mji huo wa migodi wa Katanga, na siku sita baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Mafundi wengi wa kigeni waliondoka. Kazi ya Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, haikusimama kwa muda mrefu, lakini wanunuzi walikwisha kushikwa na hofu. Bei iliyopangwa na wazalishaji, ambayo mwanzoni mwa 1978 ilikuwa karibu dola 7 kwa ratili, ilipanda hadi dola 25 mwaka uliofuata. Kwenye soko huria ilikuwa juu zaidi.

Watengenezaji wa sumaku hawakusubiri. Wenye spika walihamia sumaku za feriti, ambazo ni rahisi na hazihitaji kobalti. Maabara nazo zikaanza kutafuta sumaku kali ya chuma, na mwaka 1983 jibu likatangazwa na pande mbili: Masato Sagawa wa kampuni ya Sumitomo huko Japani, na John Croat wa General Motors huko Marekani. Waliunganisha neodimiamu, chuma na boroni. Ndiyo sumaku iliyomo leo kwenye mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Hofu ya miezi michache kuhusu Katanga ilikuwa imeusukuma utafiti upande mwingine.

Hata hivyo kobalti haikufukuzwa kwenye kompyuta. Diski ngumu, zinazohifadhi data kwa kugeuza vijisumaku vidogo mno, zilipakwa utando wa aloi yake. Na ni katika tando za namna hiyo ambapo wanafizikia walianza kujaribu jambo jipya: kugeuza sumaku kwa mwanga mtupu, bila waya wa umeme wala sumaku nyingine karibu.

Mlango ulifunguliwa Strasbourg mwaka 1996, pale mpigo mfupi wa leza ulipopunguza usumaku wa nikeli katika muda usiofika sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mwaka 2007 kikundi cha Nijmegen, Uholanzi, kilitumia leza kugeuza kabisa mwelekeo wa usumaku katika aloi ya gadolini, chuma na kobalti. Mwaka 2014 watafiti wa Nancy na San Diego wakaonyesha kwamba hata tabaka za kobalti na platinamu zilizopangwa kwa zamu zinakubali amri ya mwanga.

Tabaka hizo ndizo zilizowavutia wanaotaka kompyuta inayofanana na ubongo. Kompyuta ya kawaida huweka kumbukumbu mahali pamoja na kufanya hesabu mahali pengine, na data husafirishwa huku na huko bila kupumzika. Umeme mwingi na joto jingi hupotelea njiani. Ubongo wa mtu hutumia wati 20 hivi, na kumbukumbu yake imo humohumo kwenye viungo vya neva vinavyofanya kazi, vikiimarika kadiri vinavyotumika.

Utando wa kobalti na platinamu una tabia inayokaribia hiyo. Mpigo mmoja wa leza hauugeuzi wote. Kila mpigo huongeza kidogo juu ya ule uliotangulia. Mwanga ukizungushwa kulia, usumaku unasogea upande mmoja. Ukizungushwa kushoto, unarudi. Kuusoma ni kupitisha mwanga hafifu na kupima jinsi mwelekeo wa mawimbi yake ulivyopinda, jambo lililogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1845. Mwaka 2019, huko huko Nijmegen, mtandao mdogo wa sehemu za utando kama huo ulifundishwa kutambua mifumo rahisi: ukikosea, leza inasahihisha uzito (yaani kiwango cha usumaku) wa sehemu husika, kisha unajaribiwa tena. Uzito ukishapatikana unabaki, hata umeme ukizimwa.

Utafiti wa aina hii unafanywa zaidi na wanafunzi wa udaktari, miaka minne au zaidi mbele ya meza ya leza, na vikwazo bado ni vingi. Doa la mwanga ni kubwa mara nyingi kuliko transista za leo. Leza zenyewe zinakula umeme. Joto la mpigo nalo ni tatizo, ingawa mwaka 2017 watafiti wa Białystok na Nijmegen walionyesha fuwele ya ganeti yenye kobalti kidogo inayogeuzwa kwa mwanga ikipata joto dogo sana.

Kwa Lubumbashi, hesabu ya kiasi ndiyo inayoshtua. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na nyingi huenda kwenye betri. Terili yenyewe imekuwa mgodi: kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 kiwanda cha STL kiliyeyusha upya taka zake ili kuitoa kobalti iliyotupwa zamani. Februari 2025 serikali ilipoona bei imeanguka, ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaweka mgawo kwa tani. Lakini katika sumaku za mwanga, tabaka moja la kobalti halifiki nanomita moja. Gramu moja ikitandazwa kwa unene wa nanomita moja inafunika zaidi ya mita za mraba 100.

Wakati wa chuma cha Honda, aliyetaka sumaku nyingi alihitaji kobalti nyingi, na mwenye mgodi alipata fungu lake. Sumaku zinazofundishwa kwa leza hazitaongeza hata lori moja kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Kasumbalesa. Zikifanikiwa, thamani itakaa kwa wenye leza, wenye vyumba visivyo na vumbi na wenye shahada. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo chake cha Polytechnique, ambacho kimefundisha wahandisi wengi wa migodi na wa kuyeyusha madini. Mawe wanayajua tangu yakiwa ardhini. Fizikia ya tando nyembamba ni somo jingine, lenye vifaa vingine na bajeti nyingine, na uamuzi wa kulianzisha hautegemei bei ya tani ya kobalti.